Kupona si Ushahidi: Pikipiki Kuukuu za Shinyanga na Elimu ya Kutafuta Hitilafu

Vyombo vya moto vya kila aina vimepita katika barabara za vumbi za Shinyanga, lakini ni vichache vilivyotumikishwa kama pikipiki ya njia mbovu. Kampuni ya Yamaha ilipotoa pikipiki yake ya DT-1 mwaka 1968, na Honda ikafuata kwa XL 250 mwaka 1972, ilienea jamii ya vyombo vyepesi vyenye tairi za meno, springi ndefu, na ekzosi iliyoinuliwa juu ili isigonge mawe wala kuingiza maji. Ndugu zao wadogo, kama vile Yamaha DT 125, Honda XL 125 na Suzuki TF 125, walijulikana sana katika Afrika Mashariki. Mabwana shamba, mabwana mifugo, waganga wa zahanati na mapadri walizipanda kwenda mahali ambapo gari halifiki wakati wa masika, na baiskeli huchosha wakati wa kiangazi.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Baada ya kanuni za mwaka 2010 kuweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria, barabara za Kahama, Geita na Shinyanga zimejaa pikipiki mpya kutoka India na China. Hata hivyo zile za zamani hazijaisha. Zipo zinazotembea bado, na zipo zilizoegemezwa nyuma ya maghala na chini ya miembe, zikingoja ama fundi ama mnunuzi wa chuma chakavu. Juu ya kila mojawapo mtu fulani amekwisha kutoa hukumu: hii nzima, ile imekufa. Ni nadra kuulizwa hukumu hiyo ilifikiwaje.

Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu nyingi za namna hiyo hutolewa bila ushahidi, na kwamba elimu ya sekondari inao wajibu katika jambo hilo. Kutafuta hitilafu ya injini si kipaji cha watu wachache wenye masikio makali. Ni njia ya sayansi ile ile inayofundishwa darasani: kuona dalili, kubuni sababu zinazowezekana, kupanga jaribio la kuzitenganisha, kisha kukubali jibu. Kosa kubwa linalofanywa, na mafundi na wenye mali pia, ni kudhani kwamba injini ikipona basi ugonjwa wake umejulikana. Kupona si ushahidi. Mfano wa nchi ya Shinyanga yenyewe watosha kulithibitisha jambo hilo.

Hewa ya Shinyanga na chujio lililotupwa

Mji wa Shinyanga uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi, ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam. Injini huvuta hewa kwa ujazo, wala si kwa uzito. Kwa hiyo kila silinda inapojaa huko Shinyanga, huwa imepata oksijeni kidogo kuliko ambayo ingepata pwani, na nguvu ya injini hupungua kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi, hata kama kila kipuri ni kipya.

Kabureta nayo ina tabia yake. Hupima petroli kwa kufuata mwendo wa hewa inayopita katika koo lake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli hupungua, lakini haipungui kwa kiasi kile kile. Uwiano wa petroli kwa hewa hubadilika kinyume cha kipeuo cha pili cha densiti ya hewa, na mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe: densiti ikishuka hadi 0.89 ya ile ya pwani, mchanganyiko hunenepa kwa asilimia 6 hivi. Pikipiki iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani itakuwa nzito kidogo bara, na chujio lake la hewa likijaa vumbi itakuwa nzito zaidi, kwa sababu kizuizi hicho kinaongeza mvuto katika koo la kabureta.

Mwenye pikipiki husema kwamba haivuti. Fundi hulichomoa chujio, hulitupa kando, hupiga kiki, na kumbe pikipiki inavuta! Malipo hutolewa, shukrani hutolewa, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba chujio lilikuwa likiibana injini pumzi. Jaribio limefanywa mbele ya mashahidi, limefaulu, na limedanganya.

Limedanganya kwa sababu halikutenganisha mambo mawili. Kuondoa chujio kumeongeza hewa, na hivyo kumeupunguzia mchanganyiko unene wake. Lakini lingaliweza kufanyika hivyo hivyo kwa kuliosha chujio, au kwa kushusha sindano ya kabureta ngazi moja, au kwa kuweka jeti ndogo zaidi, pasipo kuufungulia mlango adui aliye mbaya kuliko wote katika nchi kavu. Adui huyo ni vumbi.

Ubaya wa vumbi waweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Injini ya sentimita za ujazo 125, ya mapigo mawili, inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, hata ikijaza nusu tu ya ujazo wake kila mzunguko, huvuta zaidi ya lita 300 za hewa kwa dakika. Katika safari ya saa nane humeza hewa yote ya darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Kila chembe iliyomo katika hewa hiyo hupita ndani ya injini isiyo na chujio.

Chembe hizo si laini kama zinavyoonekana. Sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yana namba 7, na ni magumu kuliko chuma cha silinda. Katika sehemu nyingi za ukanda wa Geita na Kahama dhahabu yenyewe hupatikana katika mishipa ya kwatzi. Kwa hiyo vumbi la penye karasha za kusagia mawe ni kwatzi iliyosagwa ikawa unga. Unga huo ukichanganyika na oili huwa ni kama ile dawa ambayo mafundi huitumia kusagia valvu. Katika injini ya mapigo mawili madhara ni makubwa zaidi, maana hewa yake hupitia kwanza chumba cha krenki; beringi huonja vumbi kabla ya pistoni na ringi kulionja.

Baada ya majuma au miezi michache, ringi zimelika, silinda imepanuka, na pikipiki haivuti tena. Safari hii hukumu ni nyingine: "Injini imechoka, ni uzee." Hakuna anayekumbuka chujio. Ndivyo kosa la kwanza linavyojificha nyuma ya mafanikio yake lenyewe, na lawama yote ikatwishwa umri wa chombo.

Mambo manne ambayo kila injini huyadai

Fundi mwenye mpango hana haja ya kukisia. Injini ya petroli, iwe ya mapigo mawili kama ya Yamaha DT au ya mapigo manne kama ya Honda XL, iwe kuukuu au mpya, hudai mambo manne tu: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa uwiano unaofaa, yaani kadiri ya sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, mgandamizo wa kutosha, cheche yenye nguvu inayoruka kwa wakati wake, na njia wazi ya kutolea moshi. Injini isiyowaka imenyimwa mojawapo. Swali la kwanza, basi, si "kipuri gani kinunuliwe?" bali "ni lipi kati ya haya manne limekosekana?"

Utaratibu wa kuuliza nao una kanuni yake. Yaanze majaribio yasiyo na gharama na yasiyobomoa kitu; kushusha injini kuwe ni jambo la mwisho. Koki ya petroli ifunguliwe na mpira wake uchomolewe kwenye kabureta, injini ikiwa imepoa na pasipo moto karibu, ionekane kama petroli inatiririka kwenye chombo au inadondoka tu. Kisha ichomolewe plagi, ambayo ni shahidi mzuri kuliko wote. Plagi iliyolowa baada ya kupiga kiki mara kadhaa yasema kwamba petroli inafika lakini haiungui. Kavu yasema kwamba petroli haifiki. Yenye masizi meusi na makavu yaelekeza kwenye mchanganyiko mnene. Yenye weupe wa jivu yaelekeza kwenye mchanganyiko mwembamba au joto lililozidi. Yenye rangi ya hudhurungi yasema kwamba uunguaji ni mwema.

Cheche huangaliwa kwa kuigusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli, kisha kiki ikapigwa. Mgandamizo hupimwa kwa geji, na penye kukosa geji, kwa kulinganisha uzito wa kiki. Ukiwa hafifu, kijiko kimoja cha oili hutiwa kupitia tundu la plagi na kipimo kikarudiwa. Mgandamizo ukipanda, oili imeziba nafasi ya ringi, na hitilafu iko huko. Usipopanda, kosa litafutwe kwenye gasketi ya kichwa cha silinda, au kwenye valvu kama injini ni ya mapigo manne. Mwisho ni ekzosi, ambayo katika injini ya mapigo mawili huzibwa polepole na masizi ya oili, na katika pikipiki iliyoegeshwa muda mrefu huweza kuzibwa hata na nyigu wajengao kwa udongo.

Kanuni moja hutawala yote hayo: kisibadilishwe zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadili plagi, akasafisha kabureta na kukaza pointi kwa pamoja, kisha injini ikawaka, amepata injini inayowaka lakini hakupata elimu yoyote. Kesho hitilafu ikirudi ataanza upya, na mwenye mali atalipa upya.

Dalili moja, sababu mbili

Ugumu halisi uko pale ambapo sababu mbili tofauti hutoa dalili moja. Mfano unaojulikana sana ni wa pikipiki inayowaka vizuri asubuhi, ikatembea nusu saa, ikazima njiani, na baada ya kupumzishwa kivulini ikawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote. Wengi husema mara moja kwamba koili imekufa. Huenda ni kweli. Koili hufanya kazi kwa kanuni ya usumakuumeme aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, nayo huzikuza volti chache za pikipiki kuwa maelfu ya volti. Nyaya zake nyembamba zikiwa kuukuu, kihami chao hushindwa kikipata joto, na hupona kikipoa. Kondensa ya pointi nayo huweza kufanya hivyo hivyo.

Lakini kuna sababu ya pili isiyogharimu senti. Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Kikizibwa na tope au vumbi, petroli itokayo huacha utupu ndani ya tangi. Kanieneo hushuka hadi petroli ikaacha kutiririka, na injini hufa kwa kiu huku tangi limejaa. Wakati wa mapumziko hewa hupenya kidogo kidogo, na safari yaweza kuendelea. Dalili ni ile ile: yazima baada ya muda, yawaka baada ya kupumzika.

Jaribio la kuzitenganisha halihitaji chombo chochote. Injini inapozima tu, kabla haijapoa, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Hewa ikiingia kwa mvumo na injini ikawaka papo hapo, koili haina hatia. Mvumo usiposikika, iangaliwe cheche pale pale injini ikiwa bado ya moto. Kuiangalia cheche nyumbani jioni, injini imekwisha kupoa, ni kazi bure, kwa kuwa jaribio hilo litatoa jibu lile lile kwa sababu zote mbili. Jaribio lisiloweza kutoa majibu mawili tofauti si jaribio.

Mfano mwingine ni wa moshi mwingi katika injini ya mapigo mawili. Hukumu ya kawaida ni kwamba ringi zimekwisha, na silinda ipanuliwe. Hata hivyo, krenki ya injini hiyo ina sili za mpira pande zote mbili, na sili ya upande wa gia ikichoka, mvuto wa chumba cha krenki huifyonza oili ya sanduku la gia ikaungua pamoja na petroli. Silinda mpya haitaondoa moshi huo hata kidogo. Jaribio lake ni kijiti safi: oili ya gia ipimwe, pikipiki itembee kilometa 100, ipimwe tena. Ikipungua na chini hakuna hata tone lililovuja, oili hiyo imepita penye sili. Kati ya bei ya sili ya mpira na gharama ya silinda, pistoni na ringi kuna tofauti kubwa mno, na katika nyumba nyingi tofauti hiyo ni ada ya mtoto au mbegu za msimu.

Ipo pia imani kwamba kuzidisha oili katika petroli huilinda injini. Oili pungufu huiua injini, hilo ni kweli. Lakini oili inapozidi, huchukua nafasi ya petroli. Jeti ile ile hupitisha petroli kidogo, mchanganyiko wa petroli na hewa huwa mwembamba, joto huongezeka, plagi huchafuka na ekzosi huziba. Kipimo alichokiandika mtengenezaji kifuatwe, wala si kile cha mkono wenye huruma.

Mteja hulipia spea, halipii fikra

Si haki kumtwika fundi lawama yote. Fundi wa kando ya barabara hufanya kazi juani, aghalabu bila geji wala kitabu, naye ana ujuzi wa mikono ambao wahitimu wengi hawana. Lakini anaishi katika soko lenye desturi mbaya: mteja hulipia spea, halipii fikra. Fundi akitumia saa nzima kupima na kugundua kwamba tatizo ni kitundu cha kifuniko cha tangi, mteja hushangaa kwa nini adaiwe. Akibadilisha koili katika dakika kumi, hulipwa bila swali. Desturi hiyo humfundisha fundi kubadilisha badala ya kupima. Haitaisha kwa kumkaripia fundi, itaisha siku mteja atakapojua kuuliza, "Umejuaje kwamba ni hiki?"

Hapo ndipo penye wajibu wa shule. Wapo wanaosema kwamba mambo ya injini ni ya vyuo vya ufundi, na sekondari ishughulike na nadharia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama shabaha ingekuwa kumfanya kila mwanafunzi fundi. Shabaha si hiyo. Wengi wao watakuwa wenye pikipiki, wenye mashine za kusaga, wenye pampu za maji katika machimbo na mashamba. Watakuwa wauguzi na walimu wanaotegemea chombo kiwake usiku. Vyuo humfundisha fundi kujibu, na sekondari yapaswa kumfundisha kila raia kuuliza.

Wala wazo hilo si geni katika nchi hii. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasisitiza uhusiano wa elimu na kazi, na shule za ufundi kama Bwiru kule Mwanza zililea vijana wengi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Lakini itakuwa hasara kama upimaji na utafutaji wa hitilafu utafungiwa katika mkondo huo peke yake, na mwanafunzi wa fizikia akabaki kukariri sheria ya Ohm bila kuulizwa hata mara moja kwa nini plagi hii haitoi cheche.

Shule moja, pikipiki moja isiyowaka

Shule haihitaji karakana ili kuanza. Yahitaji pikipiki moja kuukuu isiyowaka, ambayo katika Shinyanga na Geita haikosekani kwa bei ya chuma chakavu, spana chache, plagi ya akiba, geji ya mgandamizo na mita ya umeme. Mwalimu aweza kutia hitilafu kwa siri: kipande cha mpira katika kitundu cha tangi, karatasi nyembamba kati ya pointi, jeti iliyozibwa. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, na kila kundi liandike daftari lenye safu tano: dalili, sababu zinazowezekana, jaribio, matokeo, hukumu. Alama zisitolewe kwa kundi lililoiwasha injini kwanza, bali kwa lile lililofikia hukumu kwa majaribio machache zaidi na likaweza kuitetea.

Katika zoezi hilo moja fizikia itakutana na kanuni ya Boyle ndani ya silinda, na usumakuumeme ndani ya koili. Kemia itakutana na uunguaji, hisabati na kipeuo cha pili, jiografia na kimo cha nchi na vumbi la kiangazi. Usalama nao uwe somo la kwanza: petroli isifunguliwe penye moto, injini isiwashwe chumbani kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu na inayoua, na cheche isijaribiwe karibu na tundu la plagi.

Lipo pingamizi moja zito linalostahili jibu la haki. Inasemwa kwamba pikipiki za mapigo mawili huchafua hewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya petroli yake hutoka katika ekzosi bila kuungua, pamoja na moshi wa oili. Kwa hiyo afadhali zitupwe zote. Sehemu ya kwanza ni kweli, na hakuna haja ya kuificha. Baadhi ya pikipiki hizo zastahili kuachwa: krenki iliyopinda, fremu iliyopasuka, silinda iliyokwisha kupanuliwa hadi kipimo cha mwisho. Lakini hiyo nayo ni hukumu, na hukumu yahitaji vipimo. Pikipiki yenye moshi kwa sababu ya sili moja si sawa na pikipiki iliyokufa. Tena pikipiki mpya zinazochukua mahali pake, pamoja na ubora wake, hupita katika vumbi lile lile na kwenye kimo kile kile. Vijana wanaozichomolea chujio leo ili "zipate pumzi" wanaandaa chuma chakavu cha kesho. Asiyejifunza kwa pikipiki kuukuu ataliharibu jipya kwa namna ile ile.

Kwa hiyo mwalimu asingoje waraka. Muhula ujao, kabla ya mada ya umeme au ya kanieneo, na iletwe pikipiki moja iliyohukumiwa kufa, na wanafunzi waulizwe maswali matatu ambayo kila mwenye chombo angepaswa kumwuliza fundi wake: Ni jambo gani limekosekana? Ni jaribio gani limeonyesha hivyo? Je, jaribio hilo lingeweza kuonyesha vinginevyo? Pikipiki yenyewe huenda isiwake kamwe. Lakini mwanafunzi aliyezoea maswali hayo atayapeleka mbali zaidi ya injini: kwa muuza dawa ya pamba, kwa mganga wa mifugo, na kwa kila mtu atakayemwambia kwamba kitu kimefaulu mara moja, basi kimethibitika.